Pikapu ya Mtumba: Piga Hesabu ya Chasisi Kwanza

Wanunuzi wengi wa pikapu za mtumba hufungua boneti, huvuta stiki ya oili, huwasha injini na kutazama rangi ya moshi. Wakiridhika hapo, mazungumzo ya bei yanaanza. Chasisi, ambayo ndiyo ingewaambia kama bei hiyo ni halali, inabaki kivulini chini ya gari bila kuguswa. Mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Injini ya Hilux Vigo ikifa, iwe 2KD ya lita 2.5 au 1KD ya lita 3.0, utapata nyingine ya mtumba na fundi wa kuifunga. Giaboksi vilevile. Chasisi iliyooza au iliyopinda haina njia nyepesi namna hiyo, na gharama yake mara nyingi humeza punguzo lote ulilofurahia siku ya kununua.

Pikapu hailingani na gari dogo la kawaida, ambalo bodi lenyewe ndilo hubeba uzito. Chini ya pikapu kuna mihimili miwili mirefu ya chuma, imeunganishwa kwa vyuma vya kukingama kama ngazi iliyolazwa. Kebini na bodi la mizigo vimefungwa juu yake kwa boliti na raba. Injini, springi, boksi la usukani, tangi la mafuta, vyote vimeshikiliwa na mihimili hiyo. Kwa hiyo bodi linaweza kunyooshwa, likapigwa rangi likang'aa kama la dukani, huku chuma kinachobeba kila kitu kimekwisha. Tena mihimili hiyo sehemu kubwa ni boksi, yaani ina uwazi ndani. Tope na maji huingia kupitia matundu, hukaa humo, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Siku unayoiona kwa nje, ndani imeshafanya kazi ya miaka.

Swali la kwanza basi ni gari limetoka wapi. Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wa Dar es Salaam na Mombasa hawaambiwi. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, ikairudisha mwaka 2017. Vigo za kati ya miaka hiyo, ambazo ndizo wengi wanazimudu, hazikuuzwa mpya Japani. Zilizoko sokoni kwetu zimetoka kwingine: Thailand, Uingereza, Afrika Kusini, au ziliuzwa mpya hapahapa kwa serikali, migodi na mashirika. Ukiambiwa na dalali kwamba Vigo ya 2010 ni "ya Japani kabisa", mwombe karatasi za meli.

Tofauti ya nchi ni tofauti ya chasisi. Uingereza humwaga chumvi barabarani kila baridi inapoingia ili barafu isigande. Chumvi hiyo huruka na matairi, hujibana juu ya mihimili, na ikichanganyika na unyevu hula chuma kwa kasi ambayo gari la Morogoro halitaiona maishani. Nissan Navara ya umbo la D40, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2005, ilipata sifa mbaya huko kwa sababu hiyo. Zipo zilizokatika chasisi katikati, nyuma tu ya kebini, na Nissan ikalazimika kuyanunua tena baadhi ya magari hayo kutoka kwa wenyewe. Navara za namna hiyo ni rahisi kwa bei, na urahisi wake unavutia. Mimi nisingeitolea hata shilingi ya amana kabla sijaona mihimili yake imekwanguliwa.

Lakini gari la Uingereza lina faida moja ambayo la Thailand halina: historia yake iko wazi. Kule kila gari lililofikisha miaka mitatu hufanyiwa ukaguzi wa kila mwaka unaoitwa MOT, na matokeo yake yamewekwa kwenye tovuti ya serikali, bure, kwa yeyote mwenye namba ya usajili ya Uingereza. Utaona maili zilivyopanda mwaka hadi mwaka, utaona gari lilifeli nini, na utaona maonyo ya wakaguzi. Onyo la kutu kwenye chasisi likijirudia miaka miwili au mitatu, halafu gari likauzwa nje, umeshajua kwa nini limekuja kwako. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote omba namba ile ya zamani. Iko kwenye hati ya usajili ya Uingereza iliyokuja na gari. Muuzaji anayesema imepotea anakunyima taarifa ambayo haimgharimu chochote. Angalia pia kama bima ya huko iliwahi kulifuta, yaani kuliona halifai gharama ya kulitengeneza. Tangu Oktoba 2017 gari lililofutwa kwa madhara ya muundo wake hupewa herufi S, na lile ambalo muundo haukuguswa hupewa N. Uchunguzi huo wa bima ni wa kulipia, ila ni bei ya kawaida kabisa ukiilinganisha na gari lenyewe.

Kwa pikapu zilizotoka Japani kweli, kuna karatasi ya mnada. Ukaguzi wa mnada hupewa daraja: 4 au 4.5 ni gari zuri, na herufi R au RA maana yake limewahi kutengenezwa sehemu za muundo. Wajapani hawahesabu mlango uliobadilishwa wala fenda iliyonyooshwa kuwa historia ya matengenezo. Wanahesabu chasisi, vyuma vya kukingama, nguzo za kebini na sakafu. Hivyo R ni taarifa ya muundo hasa, si ya rangi. Kwenye mchoro wa gari, S ni kutu ya juujuu na C ni kutu iliyokula. Waagizaji wengi wana karatasi hii lakini humwonyesha mteja picha za bodi tu. Idai.

Kundi la tatu ni magari yaliyotumika hapahapa. Haya hayana chumvi ya barabarani, isipokuwa yale yaliyoishi pwani yakipakia samaki au mchanga wa ufukweni. Ugonjwa wake ni mzigo. Pikapu iliyotengenezwa kubeba takribani tani moja imebebeshwa tani mbili za mahindi au kokoto kwenye barabara ya makorongo, kwa miaka. Chasisi ya namna hiyo huanza kupasuka nyuma ya kebini, kwenye hanga za springi na pale boksi la usukani linapofungwa. Gari la mgodini huwa na mikiki zaidi kuliko la ofisi ya wilaya, ingawa yote mawili yanaweza kusomeka "mmiliki mmoja" kwenye tangazo.

Sasa ingia chini. Usikubali kukagulia kwenye yadi gari likiwa limekaa chini. Lipeleke kwenye gereji yenye shimo au lifti, ulipie wewe mwenyewe fundi ambaye hakuletwa na muuzaji. Kitu cha kwanza utakachokiona pengine ni weusi mtupu, rangi nzito ya lami kuanzia mbele hadi nyuma, na imefunika hata boliti na mabomba ya breki. Muuzaji atasema, "Bosi, hiyo ni ya kuzuia kutu, hukohuko ndiko walikopaka." Huenda ni kweli. Mjibu kwa upole, "Sawa kaka, niruhusu nikwangue sehemu ndogo, rangi nitakurudishia." Kiwandani hawapaki rangi juu ya mabomba ya breki. Rangi iliyopakwa karibuni bado inanata au ina harufu, na chini yake mkwanguo utatoa ama chuma safi ama magamba ya kutu yanayobanduka kama maganda ya mti. Kutu nyekundu ya unga inayofutika kwa brashi ya waya haina shida. Magamba ni chuma ambacho hakipo tena.

Chukua nyundo ndogo, gonga mihimili kwa kufuata urefu wake. Chuma kizima hulia. Kilichooza, au kilichozibwa kwa pati na bati, hutoa sauti iliyokufa, na wakati mwingine nyundo inazama. Tumia muda mrefu sehemu ya nyuma, pale mhimili unapopanda kupita juu ya ekseli na pale hanga za springi zilipochomelewa, kwa sababu tope hukaa huko. Ingiza kidole kwenye matundu ya kutolea maji. Ukitoa vipande vyembamba vya kutu mkononi, ndani kunaliwa. Kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu inauzwa bei ndogo na itaingia kwenye tundu ambalo jicho haliwezi. Nchini Marekani, Toyota ilipokuwa inakagua pikapu zake zilizooza, tundu la kutu la milimita 10 lilitosha kuihukumu chasisi.

Chasisi iliyopinda ina dalili zake. Tazama uwazi kati ya kebini na bodi la mizigo: ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au upande mmoja umeachana na mwingine, mihimili imelala au imevutika. Angalia boliti zinazofunga kebini kwenye chasisi kama zina alama za spana. Mwaga maji kwenye lami, endesha polepole kwa mstari ulionyooka. Matairi ya nyuma yakipita pembeni ya alama za matairi ya mbele, gari linatembea kombo. Alaimenti ya kompyuta nayo hutoa karatasi inayoonyesha kama ekseli ya nyuma imekaa sawa na mbele. Iombe hiyo karatasi mkononi, usiridhike na maneno ya "iko poa".

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi wa zamani walikifanya bila kompyuta, na bado nakiamini. Egesha gari kwenye sakafu ya zege iliyo sawa. Chagua alama mbili mbele, moja kila upande, na mbili nyuma, zinazolingana kabisa kulia na kushoto: boliti za mkono wa chini wa mbele, kwa mfano, na pini za mbele za springi za nyuma. Shusha timazi ya mwashi kutoka kila alama, weka nukta ya chaki pale ncha inapogusa sakafu. Sogeza gari pembeni. Vuta futi kutoka nukta ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha ile nyingine. Chasisi iliyonyooka itakupa vipimo viwili vinavyolingana. Tofauti ya milimita mbili tatu inaweza kuwa ya mkono wako. Tofauti ya sentimita moja na zaidi ni ya chuma, na hakuna maelezo ya muuzaji yatakayoifuta.

Tuje kwenye pesa. Namba zinazofuata ni za mfano wa kupigia hesabu tu. Weka za mji wako. Tuseme una pikapu mbili mbele yako za mwaka uleule. Ya kwanza imetoka Uingereza, inang'aa, chini imepakwa nyeusi, bei milioni 36. Ya pili ilikuwa ya taasisi hapa nchini, mlango umekwaruzwa, viti vimechanika, chasisi kavu na nyoofu, bei milioni 41. Ya kwanza imekuokolea milioni tano, na wengi wataondoka nayo.

Miezi sita baadaye unagundua kutu nyuma. Unaamua kutia viraka. Bodi la mizigo lishushwe, tangi litolewe, sehemu iliyooza ikatwe, vyuma vipya vichomelewe: tuseme milioni mbili. Gari limesimama siku kumi, na kama linakuingizia laki moja kwa siku, ongeza milioni moja. Baada ya miaka miwili kutu imetokea mbele ya kiraka, kwa sababu haikuwahi kuondoka ndani ya boksi, na unarudia yaleyale. Umeshafika milioni 42. Siku ya kuuza, mnunuzi aliyesoma makala kama hii anaingia chini, anaona viraka, anashusha bei milioni nane. Pikapu ya bei nafuu imekuwa ya milioni 50. Ile ya pili, ukitengeneza viti na mlango kwa milioni moja na nusu, iko 42.5 na chasisi yake bado ni hoja ya kuuzia.

Ukiamua kubadilisha chasisi nzima, tuseme milioni sita chasisi ya mtumba, milioni tatu kazi ya kuhamisha kebini, injini, waya na mabomba, na karibu mwezi bila gari, kwa ile laki moja ya kila siku. Hapo milioni 36 zimeshapita 47. Tena chasisi yenyewe ya mtumba, ikiwa imetoka Uingereza kama gari lako, ina ugonjwa uleule. Tafuta ya gari la hapa lililopata ajali ya mbele, au iliyotoka nchi kavu.

Na kuna shida ambayo hesabu haioneshi: namba. Namba ya chasisi imegongwa kwenye mhimili, na ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi. Ukibadilisha mhimili, gari lako kwa karatasi limekuwa gari jingine. Lazima uwe na hati za chasisi uliyonunua, ukaguzi wa polisi, na marekebisho ya usajili kwenye mamlaka ya mapato, TRA, au kwa Kenya mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA. Fundi atakayekuambia "namba tutaikata tuihamishie" anakuingiza kwenye jinai. Gari lenye namba iliyochomelewa huzuiwa, na hutaweza kuthibitisha kwamba si la wizi.

Toyota yenyewe ilipokabiliwa na kutu hii nchini Marekani, ilichukua njia ya gharama. Mwaka 2008 ilianza kuzinunua tena Tacoma za zamani zilizooza kwa mara moja na nusu ya bei ya soko. Mwishoni mwa 2016 ikakubali mapatano ya mahakamani yaliyogusa takribani magari milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia. Thamani yake ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4, na kubadilisha chasisi moja kulikadiriwa dola 15,000. Magari hayo yana usukani wa kushoto, hayatufiki kwa wingi. Lakini mwenye kiwanda, anayekijua chuma chake kuliko fundi yeyote, chasisi iliyotoboka aliibadilisha.

Mwagizaji anayefikiria kununua gari lenye kutu huko nje kwa sababu limepunguzwa bei, afikirie kodi. Tanzania hutoza ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18, ukiacha tozo nyingine, na TRA ina mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika kwa aina, mwaka na nchi yalikotoka. Mfumo huo hauingii chini ya gari. Punguzo ulilopewa kwa ajili ya kutu linabaki kwenye bei ya ununuzi peke yake. Meli na kodi utalipa sawa na mwenye gari zima.

Sisemi kila chasisi iliyochomelewa itupwe. Ufa mdogo kwenye hanga ya springi, chuma kikiwa kizima pande zote, unatengenezeka na utadumu, mradi kazi ifanywe inavyotakiwa. Fundi atoboe tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia, aupanue kwa mashine ya kusaga, achomelee hadi ndani, kisha aongeze bamba lililokatwa ncha zake kwa mshazari ili mzigo usikusanyike kwenye mstari mmoja. Vichwa vya betri vitolewe kabla ya kuchomelea, la sivyo kompyuta ya gari inaweza kuungua. Kwa gari lililopinda kidogo, ipo mitambo ya kuvuta na kunyoosha. Fundi akupe vipimo vya kabla na baada. Ninachokikataa ni bamba lililobandikwa juu ya kutu, likapakwa rangi. Weldingi haishiki kwenye chuma kilichooza, na aliyeifanya anajua.

Kabla ya kulipa, andikeni. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania na ile ya Kenya zote zimerithi kanuni moja ya Kiingereza: mfanyabiashara wa bidhaa husika anawajibika kwa ubora wake, lakini kama mnunuzi ameikagua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuifichua. Maana yake ukaguzi wa nusunusu unaweza kukuumiza. Kwenye mkataba wa mauziano liwemo sharti kwamba muuzaji anathibitisha chasisi haijawahi kukatwa, kuchomelewa wala kubadilishwa, na kwamba namba yake ni ya kiwandani. Muuzaji mkweli atasaini. Anayesita amekujibu.

Aliye na pikapu iliyooza tayari ana uamuzi mmoja wa kufanya mapema: asipakie tena. Mihimili ikishatoboka nyuma ya kebini, mzigo wa kawaida kwenye tuta moja unatosha kuigawa. Hesabu kinachopatikana ukiiuza kwa vipande: injini ya KD, ambayo wenye HiAce pia wanaitafuta, giaboksi, difu, milango, taa, viti. Mara nyingi jumla yake inazidi bei ya gari bovu lililouzwa zima, na humpi mtu mwingine hatari yako. Chasisi yenyewe ikatwe vipande kabla ya kwenda skrepa, na kadi irudishwe TRA ili namba ifutwe.